Paa likivuja: bima hulipa nini, na fundi unamwitia nini

Mvua za masika zikikaza Mombasa, na Mei ndio mwezi wake wa kukaza, maneno mawili huzunguka barazani. La kwanza: "Nyumba ina bima, wacha livuje, tutalipwa." La pili ni kinyume chake: "Usiguse hata msumari. Ukipanda paani mwenyewe, bima imekufa." Wote wawili wamekosea, na kosa la kila mmoja lina bei yake. Wa kwanza atanyimwa fidia ya paa aliloliacha likaoza. Wa pili atayatazama maji yakiharibu dari, godoro na nyaya za umeme, huku akingoja ruhusa ambayo hakuhitaji kuiomba.

Kampuni ya bima haianzi kwa kuuliza nani alishika nyundo. Huuliza maji yaliingia kwa sababu gani. Ukilishika hilo, mambo mengi ya bima ya nyumba hujifungua yenyewe.

Maneno machache kwanza. Karatasi unayopewa ukishalipia ni mkataba wa bima. Wengi huuita polisi. Pesa unazotoa kila mwaka ni malipo ya bima, au premiamu. Hasara ikitokea, unapeleka dai. Kampuni humtuma mkadiriaji hasara aje atazame, apime na kuandika ripoti. Halafu kuna eksesi: sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa shilingi. Kama eksesi yako ni 10,000 na bati lililong'oka linagharimu 8,000 kurudishiwa pamoja na kazi, hapo hakuna dai.

Bima ya nyumba inayouzwa Kenya kwa kawaida huja kama kifurushi chenye sehemu zenye herufi. A ni jengo lenyewe: kuta, paa, dari, milango, mabomba. B ni vyombo vya ndani: makochi, friji, nguo, vitanda. C ni vitu vinavyotembea nawe nje ya nyumba, kama simu na vito. D ni wafanyakazi wako wa nyumbani wakiumia kazini. E na F ni dhima, yaani mtu mwingine akiumia au kuharibikiwa kwa sababu ya nyumba yako, ukiwa mwenye nyumba au mkaaji. Hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Mtu alinunua B peke yake miaka mitatu iliyopita kwa sababu ya wezi, paa linapaa na upepo, anakimbilia bima. Godoro lililolowa huenda likalipwa. Bati, hapana, maana bati liko A.

Anayetumia takaful, yaani bima ya Kiislamu, atakuta maneno mengine. Huko hutoi premiamu, unatoa mchango kwenye mfuko wa pamoja. Lakini maswali ya paa ni yale yale, na mkadiriaji huangalia misumari ile ile.

Dau na kalafati

Anayejua dau hahitaji maelezo marefu. Dau likizamishwa na tufani, hiyo ni ajali ya bahari. Dau likizama likiwa limefungwa gatini kwa kuwa mwenyewe hakutia kalafati, ile pamba ya kuziba mianya ya mbao, tangu mwaka juzi, bahari haina kosa. Maji ni yale yale na dau ni lile lile, lakini sababu ni mbali na mbali.

Bima ya jengo imeandikwa kwa mantiki hiyo. Inataja majanga inayoyalipia: moto, radi, mlipuko, tetemeko, dhoruba na mafuriko, tangi au bomba kupasuka na kufurika, gari kugonga ukuta, wizi, na mara nyingi fujo na ghasia. Halafu inataja isichokilipia, na mstari wa kwanza karibu kila mara ni uchakavu: kutu, kuoza, mchwa, kufifia, ufa unaokua taratibu, na kazi mbovu ya ujenzi. Bima hulipia kilichotokea ghafla. Kinachokuja polepole ni kazi ya mwenye nyumba.

Ndio maana "mvua ilinyesha" si sababu ya kutosha kwenye fomu ya dai. Mvua hunyesha Mombasa kila mwaka, na paa liliwekwa kwa ajili hiyo. Dhoruba ni upepo uliong'oa, mti ulioangukia, au mvua ya kupita kiasi pamoja na upepo wake. Mkadiriaji anaweza kutazama rekodi za hali ya hewa za siku uliyoandika, na kituo cha kupima kipo pale uwanja wa ndege wa Moi. Ukiandika "dhoruba ya tarehe 12" na siku hiyo upepo ulikuwa wa kupepea kanga kwenye kamba, dai limeanza vibaya. Hakikisha tarehe kabla ya kuandika.

Msumari husema ukweli

Mkadiriaji mzuri hupanda ngazi, na akifika juu hatazami tundu kwanza. Hutazama misumari. Bati lililochanwa na upepo usiku wa jana lina ukingo unaong'aa mahali lilipopasukia, na tundu la msumari limevutika kuelekea upande mmoja. Bati lililochoka lina duara la kahawia kuzunguka kila kichwa cha msumari, raba ya chini yake imekauka na kupasuka, na ukilibonyeza kwa kidole gumba hapo kwenye kutu linabonyea kama karatasi ya chapati.

Kisha huingia ndani kutazama dari. Doa la maji yaliyoingia mara moja huwa na ukingo mmoja. Doa la paa linalovuja kila msimu huwa na duara ndani ya duara, kama kisiki cha mti kilichokatwa, kwa sababu kila maji yakikauka huacha mstari wake. Akichomeka bisibisi kwenye mbao ikazama bila nguvu, na mbao yenyewe ni nyeusi, ameshajua kwamba uvujaji huo ni wa miezi, si wa juzi. Ripoti yake itasema "uchakavu", na kelele zako za ofisini hazitaifuta.

Pwani haina huruma na mabati. Bati la kawaida ni chuma kilichopakwa zinki, na zinki ndiyo inayokubali kuliwa kwanza ili chuma kipone. Hewa ya chumvi huila haraka, hasa nyumba za mstari wa kwanza Nyali, Bamburi, Shanzu au Likoni. Pale mipako ilipokatika, yaani kwenye kingo zilizokatwa na matundu ya misumari, kutu huanzia hapo. Bati lenye mchanganyiko wa alumini na zinki huvumilia zaidi. Unene nao una hesabu yake ya kinyumenyume: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Anayekuuzia geji 32 kwa nyumba iliyo karibu na ufuo anakuuzia bei rahisi ya leo tu.

Na usichanganye dhamana ya kiwanda na bima. Dhamana ni ahadi ya aliyetengeneza bati kwamba halitatoboka au kupauka ndani ya muda fulani, na nyingi zina masharti kuhusu umbali kutoka baharini na namna lilivyopigwa. Bima haihusiki na ahadi hiyo.

Ukipanda mwenyewe

Basi je, kujitengenezea kunaua bima? Kwa kawaida hapana. Mikataba mingi ya nyumba haina sharti kwamba kila msumari upigwe na fundi mwenye cheti. Isitoshe, mkataba unakutaka uitunze nyumba kana kwamba haina bima, na hasara ikitokea uizuie isiongezeke. Kufunika tundu kwa turubai usiku huo huo ni wajibu wako. Ukiliacha paa wazi siku nne ukingoja mkadiriaji, hasara ya siku ya pili, ya tatu na ya nne inaweza kukatwa kwenye malipo yako.

Kinachokuumiza ni mambo matatu, na hakuna hata moja linaloitwa "kupanda paani". Ya kwanza ni kazi mbovu: kiraka chako kikivuja, maji hayo ni matokeo ya kazi yako, na kazi mbovu haimo kwenye bima. Lakini angalia, kazi mbovu ya fundi uliyemlipa nayo haimo. Tofauti ni kwamba fundi unaye wa kumdai. Ya pili ni ushahidi: ukibadilisha mabati yote kabla mtu hajayaona, umeondoa kitu pekee kinachothibitisha kwamba ni upepo. Ya tatu ni kubadilisha nyumba bila kuiambia kampuni. Banda la makuti juu ya slabu (paa bapa la zege), lile la kupunga upepo jioni, ndilo mfano wa Mombasa hasa. Fomu ya mwanzo ilisema paa ni zege. Sasa juu yake pana rundo la majani makavu, jiko la mkaa na waya wa taa. Hatari imebadilika na kampuni haijui. Ikiungua, usishangae maswali. Vivyo hivyo kwa paneli za sola zilizotoboa mabati mahali thelathini.

Kazi ndogo za kufanya mwenyewe zipo, na zikifanywa vizuri zinakulinda hata kwenye dai, kwa sababu zinaonyesha paa lilitunzwa. Kabla ya masika, Machi hivi, safisha gata, yaani mfereji wa maji wa ukingoni mwa paa. Majani ya mwarobaini na mchanga yakiziba gata, maji hurudi nyuma chini ya ukingo wa bati na kulowesha mbao za ukingoni, na hapo ndipo kuoza kwingi huanzia. Kwenye slabu, tazama matundu ya kutolea maji. Mfuko mmoja wa plastiki unatosha kugeuza paa kuwa bwawa, na maji ya kina cha sentimita 10 juu ya mita moja ya mraba ni kilo 100.

Kutafuta panapovuja ni kazi yenye hila. Tone haliangukii chini ya tundu. Maji huingia juu, hutambaa kwenye mbao hadi yakutane na fundo au msumari, ndipo yanadondoka, pengine mita 2 kutoka yalikoingilia. Njia ya uhakika ni mpira wa maji na watu wawili. Mmoja ndani na tochi, mwingine juu akimwaga maji kuanzia chini ya paa akipanda kidogo kidogo, dakika kadhaa kila mahali. Ukianzia juu, maji yatateremka kwenye matundu yote na hutajua ni lipi.

Msumari uliolegea usiugongee tena kwenye tundu lake. Tundu limeshapanuka na mbao ya chini imechoka. Utashika wiki mbili. Ung'oe, weka skrubu ya paa iliyo nene zaidi yenye raba, au piga mpya pembeni penye mbao nzima na uzibe tundu la zamani. Kwenye bati la mawimbi, msumari hupigwa mgongoni, si bondeni, maana bondeni ndiko maji yanakopita. Ukiukaza mno, bati hubonyea na kutengeneza kibakuli cha maji. Ukiulegeza, upepo wa kusi utalichezesha bati hadi msumari ung'oke. Raba ibanwe kidogo tu, isitokeze nje kama ulimi.

Tundu dogo la kutu linatibika. Sugua kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, paka rangi ya kuzuia kutu, acha ikauke. Kata kipande cha bati la aina ile ile na mkunjo ule ule, kizidi tundu kwa sentimita 8 hadi 10 kila upande. Zungushia silikoni ya nje ya nyumba upande wa chini, kibandike, kisha kifunge kwa ribiti. Kama tundu liko karibu na muungano, ukingo wa juu wa kiraka uingie chini ya bati la juu, ili maji yapite juu yake. Kupaka lami au silikoni juu ya kutu bila kusugua ni kumvika mgonjwa kanzu. Jua la Januari hukausha lami, ikapasuka, na kutu chini yake inaendelea kula ikiwa sasa imefunikwa.

Kukata bati kwa grainda ni kosa ambalo hata mafundi hulifanya. Cheche huchoma mipako ya ukingo, na vumbi la chuma hutua kwenye mabati mengine. Baada ya umande wa siku chache utaona madoadoa ya kahawia kwenye paa jipya. Mkasi wa bati hauna haraka, lakini hauachi ugonjwa.

Na usalama: panda asubuhi, kabla bati halijawa kikaango. Ngazi isimame hivi, kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani, na ncha yake ipite ukingo wa paa kwa kama mita 1. Kanyaga kwenye mstari wa misumari, maana ndiko kwenye mbao. Jua waya wa umeme unaoingia nyumbani uko wapi kabla ya kuinua bati la futi 10. Ukianguka, bima ya nyumba haikulipii mguu wako. Hiyo ni kazi ya bima ya afya, SHA ya serikali au nyingine uliyo nayo.

Kazi ambazo si zako

Kuna mapaa ambayo hata mtu hodari wa mikono angeyaacha. La kwanza ni asbesto, yale mabati mazito ya kijivu kama saruji yaliyobaki kwenye nyumba za zamani. Likiwa zima na limetulia halina neno kubwa. Ukilikata, kulitoboa au kulivunja, hutoa nyuzi zisizoonekana, zinaingia mapafuni na hazitoki. Kwa sheria ya Kenya hizo ni taka za hatari, na uondoaji wake hufanywa na wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Kijana wa mtaani mwenye nyundo na mkokoteni hafai kazi hiyo, hata kama bei yake ni robo.

La pili ni slabu inayowekwa utando wa lami kwa moto wa gesi. Kazi hiyo ni nzuri ikifanywa sawa: sakafu ya juu ipewe mteremko wa angalau sentimita 1 kwa kila mita, ikauke, ipakwe, ndipo utando ubandikwe, kila ukanda ukilala juu ya mwenzake kwa sentimita 10 hivi, na upandishwe ukutani sentimita 15. Lakini ni mtungi wa gesi na ndimi za moto juu ya nyumba yenye bima ya moto. Mikataba mingine hutaka uarifu kabla ya kazi kama hiyo. Piga simu, na uandike barua pepe pia. Kazi kubwa, kama kuezua paa zima au kuongeza ghorofa, huwa nje ya bima ya nyumba ya kawaida. Ina bima yake ya ujenzi, na kwa kawaida hutaka kibali cha kaunti. Nyumba ya Mji wa Kale ina hatua moja zaidi, ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, kwa sababu huko paa nalo ni sehemu ya urithi.

Na makuti. Makuti ni ufundi wa watu wake: kwanza mwinamo mkali, nyuzi 45 au zaidi, halafu safu kwa safu kutoka chini kwenda juu, zikibanana. Mwinamo ukipunguzwa ili kuokoa miti, maji hukaa ndani ya majani, yakaoza kabla ya wakati. Kampuni nyingi hulipisha zaidi nyumba ya makuti, na nyingine huikataa, kwa sababu cheche moja ya jirani inatosha.

Fundi unamnunua nini hasa

Fundi mzuri anakuuzia mikono, na pia mtu wa kuwajibika. Ndiyo sababu fundi asiyeandika chochote ni ghali hata akiwa rahisi. Mwambie aandike: aina ya bati na geji, idadi, aina ya skrubu, muungano wa pembeni mgongo mmoja na nusu, muungano wa juu na chini sentimita 15, au zaidi paa likiwa limelala. Mwulize anaanza kupiga bati kutoka upande gani. Jibu linalofaa Mombasa ni kwamba anaanza upande wa chini ya upepo, ili midomo ya muungano ielekee mbali na kusi, maana masika huja na kusi na mvua yake hupuliziwa kwa ubavu. Fundi akikushangaa kwa swali hilo, umepata jibu lako.

Lipa vifaa kwa risiti ya duka, kazi kwa hatua, na ubakishe sehemu, hata asilimia 10, hadi mvua kubwa ya kwanza ipite.

Suala la fundi kuanguka halizungumzwi vya kutosha. Sehemu D ya kifurushi ni ya yaya, mpishi au mtunza bustani uliyemwajiri. Fundi wa siku tatu si mmoja wao. Ukimchukua mtu kwa kibarua cha kutwa, ukamwelekeza wewe cha kufanya na vifaa ni vyako, akianguka anaweza kudai wewe ndiye mwajiri wake chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Mkandarasi mwenye bima ya wafanyakazi wake anakuondolea mzigo huo. Mwombe nakala ya cheti cha bima hiyo na usome tarehe yake ya kwisha.

Hesabu inayowauma wengi

Thamani ya jengo kwenye bima ni gharama ya kulijenga upya, si bei ya kuliuza. Kiwanja hakiungui. Mwenye nyumba ya Nyali akiandika bei ya soko pamoja na ardhi, analipia mchanga usioweza kupata hasara. Lakini kosa la kawaida zaidi ni la kupunguza ili premiamu ishuke, na hapo inaingia kanuni ya uwiano.

Chukua nyumba ambayo kuijenga upya ni shilingi 4,000,000. Mwenyewe kaandika 2,000,000, yaani nusu. Upepo unang'oa upande mmoja wa paa, hasara ni 300,000. Mtu hudhani: "Nimekata bima ya milioni mbili, laki tatu imo ndani yake." Sivyo. Umekata bima ya nusu ya nyumba, kwa hiyo unalipwa nusu ya kila hasara: 150,000. Toa eksesi, tuseme 15,000. Unabaki na 135,000 kwa kazi ya laki tatu. Na kama mkataba wako haulipi kipya kwa kikuukuu, watatoa pia umri wa mabati. Uliza swali hilo siku ya kununua: "Paa la miaka 15 likipaa, nalipwa bati jipya au thamani ya bati la miaka 15?"

Ukiona kwenye bili malipo madogo ya ziada, hujaibiwa: ushuru wa mafunzo wa asilimia 0.2, mfuko wa fidia ya wenye bima asilimia 0.25, na stempu ya shilingi 40. Mfuko huo wa fidia ni wa kampuni ya bima ikifilisika. Hauna kazi na dai lililokataliwa; hilo hupelekwa kwa malalamiko kwanza kwenye kampuni, kisha kwa IRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima nchini.

Nyumba si yangu, au ardhi si yangu

Mombasa ina mtindo wake wa kumiliki: nyumba yako, ardhi ya mwenyewe. Majengo, Kisauni, Likoni na Changamwe zimejaa nyumba za namna hiyo, ambazo mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja. Watu hudhani bila hati ya ardhi hakuna bima. Bima inachotaka ni kwamba nyumba ikiungua, mwenye kupata hasara awe wewe. Jengo ni mali yako, basi una haki ya kulikatia bima. Peleka makubaliano ya kiwanja na risiti za kodi, na useme wazi kwenye fomu kwamba ardhi ni ya mwingine. Usifiche, maana jambo lililofichwa kwenye fomu ndilo linalovunja bima kuliko kiraka chochote.

Mpangaji hakatii paa bima. Paa ni la mwenye nyumba. Wewe unakatia vyombo vyako, sehemu B, kwa sababu bima ya mwenye nyumba hailipi runinga yako. Kwenye maghorofa ya kuuza moja moja, paa ni la pamoja na bima yake hukatwa na shirika la wenye nyumba. Mtu wa ghorofa ya juu anayepanda kuziba slabu kwa hiari yake anagusa mali ya wote. Aandike barua kwanza. Na aliyechukua mkopo wa benki asidhani bima ya benki inamtosha: moja ya hizo hulipa deni akifariki, na nyingine hukinga jengo peke yake.

Usiku paa likipaa

Zima umeme kwenye swichi kubwa kabla ya kukanyaga maji. Hamisha vyombo. Piga picha na video ukianzia nje: paa zima, kisha karibu, kisha misumari, kisha dari na vilivyolowa. Simu iwe na tarehe sahihi. Funika kwa turubai lililopita kilele cha paa hadi upande wa pili, kingo zikikunjwa kwenye mbao na kupigiliwa hapo. Mawe hayafai, kwa kuwa kusi ikivuma nayo huwa makombora. Tunza risiti ya turubai, kamba na misumari. Ukarabati wa dharura ulio wa kiasi huweza kuingizwa kwenye dai.

Arifu kampuni au wakala siku hiyo hiyo, kwa maandishi, hata kama umepiga simu. Mkataba una siku zake za kuarifu na hazingoji mvua ikatike. Leta makadirio ya mafundi wawili, yaliyoandikwa kitu kwa kitu na si "kazi ya paa, 180,000". Kama una picha za paa la mwaka jana, au risiti ya skrubu ulizobadilisha Machi, ziweke juu kabisa ya faili, kwani ndizo zinazojibu lile swali la uchakavu kabla halijaulizwa.

Na mabati yaliyong'oka uyaweke uani, yakiwa na misumari yake. Mnunuzi wa vyuma chakavu atapita asubuhi na mkokoteni. Mwambie arudi mkadiriaji akishaondoka.